Kichujio cha Utani

Siku Karani alipoandika kwenye jalada la Mzee Kikoti kwamba "mhusika hula mbwa, hasa majira ya baridi", ndipo tulipotambua kwamba mashine yetu mpya haijui utani.

Karani hakuwa na mwili. Alikuwa masikio tu, yaliyotandazwa kwenye dari la jengo letu la figo na kibofu hapa Makambako. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kila kinachosemwa, kuchambua kilicho cha tiba na kukiweka jaladani. Tulimhitaji sana. Wagonjwa wetu, wanaume kwa wanawake, ni watu ambao wako radhi wafe kuliko kumwambia daktari mgeni kwamba mkojo umegoma, au unatoka wenyewe bila hodi. Watakwambia mgongo. Watakwambia tumbo la chini. Mwingine alinieleza habari za homa na baridi kwa nusu saa nzima, kumbe tezi dume imemfunga tangu juzi. Karani alikuwa na subira ya kuwasikiliza mpaka wafike penyewe.

Lakini Mzee Chelestino Kikoti ni Mhehe, na Mama Redegunda Ngonyani ni Mngoni, na mababu zao walipigana vita mpaka wakachoka, wakabaki na utani. Tangu tulipowakutanisha hapakuwa na amani. Mhehe aliitwa mla mbwa kabla hajaketi, na Mngoni akaulizwa kama panya wa Songea bado wanauzwa kwa mafungu. Karani aliandika yote neno kwa neno. Mtaalamu wetu wa lishe akaja kumuuliza Mzee Kikoti, kwa adabu zote, nyama hiyo huwa inachemshwa kwa muda gani.

Jengo zima lilicheka. Mafundi wakaitwa, wakamfunga Karani kichujio: akisikia utani, autambue kwa mdundo wake na kwa vicheko vinavyoufuata, autupe. Kwenye dari kuna kitaa kidogo. Kikiwa kijani, Karani anaandika; kikigeuka njano, anachuja. Kila wale wawili walipofungua mdomo, kitaa kilikuwa njano tupu.

Mimi ni Mhaya. Jina langu Kokushubila, wao huniita Dokta Koku, na nimekuja kwenye baridi hii kwa sababu ya kupenda vibofu, jambo ambalo mama yangu mpaka leo hawaambii majirani. Huku sina mtani. Watu wakicheka, mimi hucheka nikiwa nimechelewa kidogo, na nadhani ndiyo maana nilikaribia kulikosa lile lililokuwa mbele ya macho yangu.

*

Kuotesha kibofu si kazi tena. Tunachukua chembe za mgonjwa mwenyewe, tunazikuza juu ya kiunzi laini, na baada ya muda tunakuwa na kibofu kizuri, chekundu, kisichovuja. Kazi ni kukifundisha. Kibofu kipya ni mfuko tu. Kinajaa bila kujua kimejaa, na mwenyewe naye hajui, mpaka godoro limwambie.

Kinachokosekana ni haja. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado neno hilo hunishangaza. Haja ni kitu mtu anachotaka, ni kitu anachomwomba Mungu, na ni hicho kinachomwinua kitini katikati ya mazungumzo. Wazee walioziita hizo zote kwa jina moja walijua wanachosema, kwa sababu asiye nayo hata moja anakaa tu, hajui aende wapi.

Tulijaribu kwanza kufundisha vibofu kwa mashine. Ubongo ulikataa; ishara ikijirudia vilevile mara nyingi, unaipuuza kama unavyopuuza saa ya ukutani. Inatakiwa haja hai, kutoka kwa mtu hai. Kwa hiyo mwalimu anavaa mkanda chini ya kitovu, mwanafunzi anavaa wa kwake, na kila mwalimu anapobanwa, mwanafunzi anabanwa pia. Wanakunywa chai kutoka chupa moja, kikombe kwa kikombe, ili wajae pamoja. Ukibadilisha mwalimu katikati ya mafunzo, au ukikata mapema, mishipa inachanganyikiwa na mara nyingi kibofu kinakuwa bubu moja kwa moja.

Kuhusu nani amfundishe nani, tuligundua kwa bahati. Mume na mke walishindwa, kwa aibu. Ndugu walishindwa zaidi. Watani ndio walioweza. Mtu aliyekwisha kuitwa mla panya mbele ya halaiki haoni tena haya kusema amebanwa, na kicheko chenyewe kinalegeza misuli.

Mama Redegunda alikuja kwetu baada ya saratani kumnyang'anya kibofu. Aliishi na mfuko ubavuni. Kwao alikuwa kiongozi wa kwaya, sauti ya pili, na alikuwa ameacha kuimba, maana kila alipovuta pumzi ya tumbo mfuko ulijibu. "Kanisa zima linageuka kuangalia," aliniambia, na hakutania. Alitaka kitu kimoja tu, kusimama kwenye mstari wake na kuimba kama zamani.

Mzee Kikoti alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa kuongoza njia za treni. Tulimtibu tezi dume hapa hapa, akapona, lakini haja yake ilibaki na tabia ya uzee. "Inaanza, inasita, inaanza tena," alikuwa akieleza. "Kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata." Alijitolea mwenyewe kufundisha. Mwanamke kufundishwa na mwanamume kulikuwa jambo jipya, na mimi, nisifiche, nilikuwa na hamu kubwa ya kuona litaishia wapi.

Wiki ya kwanza tu Mama Redegunda alimnyang'anya kofia yake ya sufu. Mtani akichukua hadaiwi, na ukikasirika umeaibika wewe na ukoo wako. Mzee Kikoti alilijua hilo. Akakaa kichwa wazi katika upepo wa Makambako, akimwangalia mwanamke huyo akipita na kofia yake.

*

Asubuhi moja niliingia ukumbi wa chai nikawakuta mahali pao, karibu na dirisha, na watu wengine wawili watatu pembeni.

"Kamwene, Dokta," alisema Mzee Kikoti.

"Kamwene. Mmeamkaje?"

"Sisi tumeamka," alidakia Mama Redegunda, kofia kichwani. "Lakini huyu Mhehe wako mwangalie. Mbwa wamemwisha sasa anakunywa rozela kwa siri. Siku hizi anakojoa juisi nyekundu!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Kitaa kikageuka njano. Mzee Kikoti naye alicheka, akasema panya aliyeliwa jana ndiye anayezungumza. Nilicheka pia, nikaandika vipimo vyao vya chai, nikatoka.

Nilifika katikati ya ukumbi wa nje, miguu ikasimama yenyewe. Nilikuwa nimecheka kwa kuchelewa, kama kawaida yangu, na katika ule uchelewaji nilikuwa nimeuona uso wa Mama Redegunda. Watu wote walicheka isipokuwa yeye. Alikuwa ananiangalia mimi.

Damu kwenye mkojo wa mzee ni jambo la haraka. Lakini vyoo vyetu hupima mkojo vyenyewe, na damu hata tone moja ingepiga kelele. Nilitazama kumbukumbu za vyoo. Mzee Kikoti hakuwa na damu. Hakuwa na kitu chochote. Kwa siku nyingi hakuwa ameingia choo chetu hata kimoja, na bado alikuwa anakunywa chai kama mtu mwenye harusi.

Nilitoka nje. Nyuma ya jengo kuna njia inayokwenda kwenye mikaratusi, na pembeni mwa njia mawe yamepangwa na kupakwa chokaa, kama yalivyo mawe ya kila ofisi katika nchi hii. Mzee Kikoti ndiye aliyekuwa akiyapaka upya. Tulimsifu kwa hilo. Muuguzi mkuu alisema wazee wa reli hawawezi kukaa bure. Mawe mengi yalikuwa yamepauka. Yale ya mwisho, karibu na miti, yalikuwa meupe kuliko mengine, na moja chokaa yake ilikuwa bado mbichi. Nilichuchumaa nikalikwangua kwa ukucha. Chini ya weupe kulikuwa na wekundu uliokwisha kuwa kahawia.

*

"Tangu lini?" nilimuuliza.

Alikuwa amekuja na ndoo yake ya chokaa, akanikuta nimekaa kwenye jiwe. Huku nje Karani hasikii. Hakujaribu kukana.

"Nimeanza kuiona baada ya kufunga mkanda. Na ubavu wa kushoto huwa unavuta."

"Mzee wangu, hiyo inaweza kuwa figo. Inaweza kuwa uvimbe."

"Najua. Na nyie mnajua sheria yenu. Mwalimu akiugua, Karani anakata mkanda saa ileile, hamuulizi mtu." Aliweka ndoo chini. "Umebaki muda gani yule mama amalize?"

"Kama mwezi na kitu."

"Basi ngoja mwezi na kitu. Dokta, figo ninazo mbili. Yule mama kibofu anacho kimoja."

Ningekuwa na hakika kwamba mwezi haudhuru, labda ningemkubalia. Lakini uvimbe wa njia ya mkojo hauahidi mtu mwezi. Na ningekuwa na hakika kwamba unadhuru, ningempeleka kwenye picha siku hiyohiyo, akubali asikubali. Sikuwa na hakika ya lolote. Nilikuwa na jiwe tu.

"Siri ya mwili wangu ni yangu," alisema. "Imo kwenye mkataba. Ulinisomea mwenyewe."

Ilikuwamo kweli. Niliiandika mimi. Tuliogopa kwamba kupitia mkanda mwanafunzi angeweza kuyajua ya mwalimu ambayo mwalimu hakupenda yajulikane, tukaweka sharti: lolote la mwalimu litakalohisiwa na mwanafunzi ni mali ya mwalimu. Tulipoandika tuliwaza mimba, tuliwaza pombe. Hatukuwaza mtu ambaye angeficha ugonjwa kwa ajili ya mwenzake, na mwenzake akauhisi kila anapokunywa chai.

Nilimwacha na ndoo yake. Nilikuwa na hasira naye, na nilimpenda, na vyote viwili vilinifanya nitembee haraka. Ndani yangu kulikuwa pia na sauti ndogo isiyonipendeza, iliyokuwa ikisema kibofu cha mwanamke kilichofundishwa na mwanamume kinaendelea vizuri sana, ni kosa kukikatiza sasa. Niliitambua sauti hiyo. Ilikuwa hamu yangu mwenyewe imevaa koti jeupe.

Nilipofika mlangoni nilikuwa nimejua jambo moja. Figo ilikuwa ya Mzee Kikoti, na siri ya figo ni yake. Lakini haja yake ilikuwa inaishi pia ndani ya mwili wa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa analipiwa jambo bila kuulizwa kama analitaka. Siri hiyo sasa ilikuwa na wenyewe wawili. Tatizo ni kwamba nje yuko Mzee Kikoti, na ndani, nikimwita Mama Redegunda na kumwambia kwa kauli ya kawaida, kitaa kitakuwa kijani, na Karani atakata mkanda kabla hatujamaliza sentensi. Hakuna ambaye angekuwa ameamua chochote.

Hapo nikaelewa kwa nini Mama Redegunda, ambaye bila shaka aliyaona mawe yale kabla yangu, alitania.

*

Sijawahi kutania mtu hadharani. Nilisimama mbele ya meza yake, mikono nyuma, kama mtoto anayesomewa mashtaka.

"Mama Redegunda," nilisema kwa sauti, "nasikia nyie Wangoni, panya wakiadimika, mnakula figo za watani wenu."

Vichwa vyote viligeuka. Kisha mtu akaguna, mwingine akapasuka, na wote wakacheka, si kwa sababu nilichekesha bali kwa sababu nilikuwa vibaya kupita kiasi. Nilitazama juu. Kitaa kilisita, kikawa njano.

Mama Redegunda aliweka kikombe chini polepole.

"Tumekula ngapi?"

"Moja. Iko mdomoni. Haijamezwa bado."

"Na mwenye figo anasemaje?"

"Anasema kuleni tu. Anasema ana nyingine."

Watu walikuwa wanajipigapiga mapaja. Yeye aliangalia meza. Alinyoosha kidole akafuatisha ukingo wa kikombe, mzunguko mzima.

"Dokta," alisema, bado kwa ile sauti ya mzaha, "asubuhi niliposema ya rozela nilikuwa nataka usikie. Na nilikuwa nataka usisikie. Sijui nilikuwa nataka kipi zaidi."

"Nami nilikaribia kutosikia."

"Ukikata leo, nini kinanipata?"

"Panya anaweza kuwa bubu," nilisema, nikasahau kuchekesha, na kitaa kikacheza kati ya njano na kijani. "Asiimbe tena."

Aliinuka. Alivuta kofia ya sufu mpaka masikioni, akatoka nje.

Nilimfuata kwa mbali. Mzee Kikoti alikuwa amepiga magoti kwenye njia, brashi mkononi. Hakumsikia Mama Redegunda mpaka alipofika nyuma yake, akapitisha mikono kiunoni mwake kama mtu anayemsaidia mlevi, akafungua kifungo na kuuchomoa mkanda wa mwalimu kwa mkupuo mmoja. Kisha akafungua na wake. Akaining'iniza yote miwili shingoni.

"Rudisha mkanda wangu," alisema Mzee Kikoti.

"Mtani akichukua hadaiwi."

"Redegunda." Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina. "Huu si utani. Kibofu chako kitakufa."

"Kasirika basi. Kasirika, niende Iringa nikawaambie Wahehe wote kwamba Kikoti alinyang'anywa na mwanamke wa Kingoni akakasirika. Watakuzika bila ngoma."

Alijaribu. Nilimwona akijaribu kukasirika, uso umemvimba, brashi inadondosha chokaa kwenye suruali. Halafu kitu kikamshinda, akakaa juu ya jiwe bichi, akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu wa kushoto, akaendelea kucheka huku machozi yanamtoka, na mimi nilikuwa nalia waziwazi kule nyuma bila hata kusingizia upepo.

"Mla panya mkubwa wewe," alisema.

"Inuka. Umeharibu suruali. Dokta anakungoja."

*

Ulikuwa uvimbe, kwenye mrija unaotoka figo ya kushoto. Tuliutoa pamoja na figo yenyewe. Sitasema mwezi ungemuua, maana sijui. Nilichokishika mikononi siku ile hakikuonekana kama kitu cha kungojea.

Kibofu cha Mama Redegunda kilinyamaza. Tulimrudishia mpira wa mkojo, kisha tukauondoa tujaribu, na kikaendelea kunyamaza. Alikwenda chooni kwa kuangalia saa, kama abiria wa treni. Kila alipopita kwenye kipimo nilimwona akijikaza asiniulize, na mimi nikijikaza nisimwambie. Sikulala vizuri siku zile. Nilijiuliza kama nilimwonea kwa kumpa uzito ambao ulikuwa wangu kuubeba. Bado najiuliza.

Mzee Kikoti alipoanza kukaa kitandani, Mama Redegunda alikwenda kumwona. Nilikuwepo, nabadilisha dawa.

"Nimetoka Songea na kanga ya msiba," alimwambia. "Naambiwa umekataa kufa. Hasara hii nani atanilipa?"

"Nirudishie kofia."

"Kofia ipi? Hii ni ya marehemu. Nimeshairithi."

Chumba kikacheka. Mama Redegunda alikuwa ameanza kusema neno jingine, akanyamaza katikati. Akaweka kiganja chini ya kitovu. Nilisimama na bomba la sindano mkononi.

"Mama?"

"Subiri." Alifumba macho. "Kuna kitu kinabisha hodi."

Hakuwa na mkanda. Mikanda yote miwili ilikuwa kabatini kwangu, imezimwa.

"Kimeacha," alisema, na uso ukamporomoka. Kisha ukainuka tena. "Hapana. Kimerudi. Kinaanza, kinasita..."

Mzee Kikoti alijiinua kwenye mto. "Kinasita kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata?"

"Hivyo hivyo!"

"Basi ni chenyewe. Hicho nakijua."

Mama Redegunda alifumbua macho akanitazama, na sijawahi kuona mtu mzima akiwa na uso wa namna ile, hofu na furaha zikigombania nafasi moja.

"Dokta," alisema, "mimi mwanamke mzima, mama wa watoto watano, huyu mla mbwa ameniambukiza tezi dume!"

Kicheko kilichotoka mle chumbani kilisikika mpaka jikoni. Kitaa juu yetu kilikuwa njano kabisa.

"Karani," nilisema, "andika hilo."

"Ni utani, Dokta," Karani alijibu kwa sauti yake ya upole. "Limechujwa."

"Basi andika langu. Andika, mgonjwa ana haja."

Kitaa kikageuka kijani. Mama Redegunda hakungoja kukiona. Alikuwa ameshashika njia ya chooni, mkono mmoja ukutani, kofia ya Mhehe kichwani, na kabla mlango haujafungwa tulisikia akijaribu noti ya chini, ya sauti ya pili, kwa pumzi ya tumbo.